Kiwanda Hakikai Eda

Siku niliyoanza kazi Kinondoni, miaka michache baada ya Uhuru, Mkuu wa Ofisi hakuniuliza jina. Aliniuliza kama najua kulia. Nikamjibu kwamba najua, kama watu wote. Akasema, "Basi hapa usilie. Wanaolia ni wateja. Wewe unasikiliza, unaandika, unashauri, halafu unamwita anayefuata." Nikakalishwa kwenye kiti chenye mguu mmoja mfupi. Mteja wangu wa kwanza alikuwa mzee aliyetoka kustaafu bandarini, na alianza kulia kabla hajakaa sawasawa. Nami nikalia naye. Mkuu alinitazama kutoka mlangoni kwa jicho kali, ila hakunifukuza, maana wenye cheti cha kazi ile walikuwa wachache mno.

Nyie mnaoifanya kazi hii leo mnaitwa washauri nasaha, na mna vyumba vyenye mapazia. Sie tuliitwa mabibi ustawi, na chumba chetu kilikuwa ukumbi mmoja ambamo upande huu mtu anasimulia talaka yake na upande ule mwingine anagombania posho. Wengi waliofika walidhani tunagawa unga. Ilinibidi nieleze kila asubuhi kwamba sina unga, nina masikio tu, na wengine waligeuza njia hapo hapo. Siwalaumu.

Kazi yenyewe ilikuwa kumshika mtu mkono wakati maisha yake yanapogeuka. Tulikuwa na neno la kitaalamu, kipindi cha mpito, yaani ule muda ambao mtu si tena yule wa jana na bado hajawa yule wa kesho. Binti anayeingia utu uzima yumo humo, na mzazi wa mara ya kwanza, na mjane, na anayestaafu. Kitabu chetu cha kozi kilitoka ng'ambo, na ukurasa wake wa mwanzo ulikuwa na picha ya ngazi na bwana mmoja mwenye kofia akiipanda peke yake, hatua kwa hatua, bila mtu wa kumshika wala wa kumpisha. Bwana yule aliniudhi tangu nikiwa chuoni. Mimi ni mtu wa Masasi. Kwetu msichana akivunja ungo hutiwa ndani, anafundwa, anapikiwa, halafu anatolewa nje kwa ngoma, na kijiji kizima kinajua kwamba huyu sasa ni mtu mzima na kinampa nafasi yake. Hapandi ngazi peke yake. Nilipomwuliza mwalimu wa kozi juu ya jambo hilo, alinijibu kwamba hayo ni mambo ya ngoma na hapa tunasoma sayansi.

Baada ya miaka kadhaa ya Kinondoni nikahamishiwa Temeke, wakati huo wa Azimio na viwanda vipya, ambapo kila mtu aliitwa Ndugu na kila ukuta ulikuwa na maneno ya kuhimiza kazi. Mkuu wangu wa Temeke alikuwa mtu nadhifu, msomi, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alikipenda kile kitabu cha ngazi kama Msahafu. Sheria yake ya kwanza ilikuwa hii: "Mteja anakuja ofisini. Ofisi haimfuati mteja." Kwa hiyo matembezi ya nyumbani, yaani kwenda kumwona mtu kwake alipo, ambayo ndiyo roho ya kazi yetu, yalihitaji kibali chake, na kibali chake kilikuwa kigumu kupatikana kuliko sukari.

Sasa niwaeleze habari ya Bi Zena. Nimeieleza mara nyingi na kila mara moyo hunichemka, lakini nitaieleza tena.

Bi Zena alikuwa mke wa fundi mitambo katika kiwanda kimoja cha masufuria. Alizaliwa Kunduchi, katika ukoo wa Kiislamu wa pwani usiofanya mzaha na taratibu zake. Walikaa na watoto wao wawili, msichana na mvulana, katika nyumba ndogo ya kiwanda, vyumba viwili na baraza. Mumewe akaugua homa, akafa. Bi Zena akaingia eda, kama inavyompasa mjane wa Kiislamu: miezi minne na siku kumi ya kukaa ndani kwake bila manukato wala hina, wala kutoka ovyo, wala kuonana na wanaume wasio jamaa zake. Dada yake mkubwa akaja kutoka Kunduchi kumhudumia.

Kiwanda kile kilikuwa na utaratibu mzuri, na siwanyimi haki yao. Mfanyakazi akifa, mjane wake aliweza kupewa kazi kiwandani, na akipata kazi anabaki na nyumba. Asipofaa kwa kazi, familia inahama. Kwa hiyo Afisa Utumishi wa kiwanda, mtu wa bara aliyehamia Dar karibuni, alitoka na karani wake kwenda kumwona mjane kama anafaa.

Walimkuta peke yake. Dada yake alikuwa sokoni na watoto walikuwa shuleni. Wakapiga hodi. Kwa watu wa kwao Bi Zena, mwanamke aliyemo edani akipigiwa hodi na mwanamume mgeni hatoi sauti. Anapiga makofi mawili, maana yake nipo, ila siwezi kukupokea, mtafute mwenyeji mwingine. Si watu wote wa pwani wanaofanya hivyo, ila kwao ndivyo. Basi wakapiga hodi, akapiga makofi. Wakauliza kama kuna mtu, akapiga makofi. Afisa Utumishi akachungulia dirishani, akamwona mwanamke amejifunika gubigubi, amewapa mgongo, anatazama ukuta. Akamsalimu kwa sauti kubwa. Makofi mawili.

Mabwana wale hawakuuliza jirani. Hawakumwuliza hata Mzee Athumani, balozi wa nyumba kumi, ambaye baraza yake ilikuwa hatua chache kutoka pale na ambaye kwa kupenda maongezi angewaeleza mpaka jina la bibi yake Bi Zena. Walirudi kiwandani wakaandika kwamba mjane amepata wazimu. Wakapendekeza apelekwe hospitali ya wagonjwa wa akili, watoto wapelekwe makao ya kulelea watoto, wa kike kwake na wa kiume kwake, na nyumba irudishwe. Barua ikaja Temeke kwa Mkuu wangu, kilichokosekana kikiwa saini ya bibi ustawi tu. Bibi ustawi ndiye mimi.

"Weka saini hapa," Mkuu aliniambia.

"Nimwone kwanza, Mkuu."

"Umwone wa nini? Wamemwona watu wawili. Na hata bila hayo makofi, Ndugu Tekla, kitabu kinasema wazi. Mwenye kufiwa anatakiwa arudi kwa watu mapema, ajishughulishe. Anayejifungia ndani mwezi wa pili huu ni mgonjwa."

"Mkuu, yumo edani."

"Najua eda ni nini. Ni mila. Sisi tunajenga taifa."

Niliiacha kalamu yake juu ya meza, nikatoka, nikaenda bila kibali. Nilitembea na jua lile la mchana nikisema peke yangu njiani, mpaka muuza mihogo mmoja akanipa pole akidhani nimefiwa.

Dada yake Bi Zena alinipokea, akaniingiza ndani. Bi Zena alikuwa amekaa kwenye mkeka, mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye macho mazito ya kukosa usingizi. Aliniuliza habari za nyumbani, za kazi, za wazazi. Akaniuliza kama kiwanda kinaendelea vizuri, maana marehemu alikuwa akisema kuna mashine moja inasumbua na yeye tu ndiye aliyejua kuibembeleza. Tukazungumza mpaka alasiri. Nilipomweleza yaliyoandikwa juu yake alicheka, halafu kicheko kikageuka kuwa kitu kingine.

"Mie mwendawazimu?" alisema. "Dada, mie nimekaa kwa adabu yangu. Nimemkalia mume wangu. Wangetaka nitoke nikimbie uchi barabarani ndio waseme nina akili?"

"Watoto hawatachukuliwa," nilimwambia.

"Niapie."

Tumefundishwa tusimwapie mteja. Nilimwapia.

Kisha akaniuliza jambo lililomkaa moyoni kuliko kazi na nyumba. Aliuliza kama itabidi avunje eda yake aende ofisini kujionyesha. Dada yake alikuwa tayari amesema kwamba kwa dharura kama hiyo hapana dhambi, mchana mtu anaruhusiwa. Bi Zena alijua hivyo pia. "Lakini nikitoka kwa sababu wao hawakuniamini," alisema, "nitarudi ndani nikae kama nani? Eda itakuwa imekatika." Hapo nilielewa kitu ambacho kitabu cha ngazi hakikunifundisha. Kwa kukaa mle ndani mama huyu hakuwa amekwama. Alikuwa safarini, tena anajua anatoka wapi, anafika wapi na lini. Sisi wenye vyeti ndio tuliotaka kumshusha katikati ya njia.

Nikaenda kiwandani, kwa Meneja mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita, na Meneja akanipokea kwa chai. Alikuwa mtu wa mjini hasa, mpole, mwenye kucheka. Nilipomweleza habari ya makofi alijipiga paja.

"Lahaula! Huyu Afisa wangu naye! Si angeuliza? Mie mke wangu mwenyewe mtu wa Bagamoyo, haya mambo nayajua."

"Basi mfute ile barua."

"Imefutika, bibi. Sie hatupingani na mila za watu. Mwambie Bi Zena akae eda yake kwa amani. Tutamsubiri mpaka amalize."

"Na kazi?"

"Nimekwambia tutamsubiri."

Nilitoka pale nikiwa mwepesi. Mkuu wangu alinigombeza kwa kwenda bila kibali, akaniandikia onyo, nikalitia saini haraka maana hiyo niliiona saini ya halali. Kisha kwa miezi iliyobaki nilifanya kazi ambayo mpaka leo naiona kuwa bora kuliko zote nilizowahi kuzifanya. Kila wiki nilikwenda kwa Bi Zena baada ya saa za ofisi. Nilimsikiliza akisimulia habari za mumewe, kwanza akilia, baadaye akimsengenya kidogo kama wake wote wanavyofanya. Tulizungumza na watoto. Binti alikuwa amekataa kula samaki kwa kuwa baba yake alipenda samaki, akaanza kula taratibu. Mvulana alikuwa anapigana shuleni. Tulizungumza pia maisha ya baada ya eda, maana mwanamke yule hakuwahi kufanya kazi ya kuajiriwa. Tulifanya mazoezi: mimi najifanya msimamizi mkali, yeye anajibu. Dada yake alianguka kwa kicheko. Kufika mwezi wa nne Bi Zena alikuwa ananijibu kwa ukali mpaka mimi ndiye niliyekuwa natafuta maneno.

Siku ya kutoka eda ikafika. Wanawake wa Kunduchi walikuja tangu alfajiri. Walimwogesha, wakamvika kanga mpya, wakamfukiza udi, wakamtia wanja. Nilikuwepo. Nilipomwona anatoka chumbani, nyumba nzima ikapasuka kwa vigelegele, na mimi ambaye nilikatazwa kulia kazini nililia mbele ya watu wote. Watoto wake walimkimbilia wakamnusa wakicheka, maana kwa muda mrefu mama yao hakuwa na harufu ya mama yao.

Akafungua mlango wa nje. Barazani alisimama Afisa Utumishi, na nyuma yake lori la kiwanda likiwa limefunguliwa bodi, na wapagazi wanne.

"Shikamoo, mama," alisema Afisa Utumishi. Safari hii hakuchungulia dirishani, alikuwa na heshima zote. "Pole na msiba. Tulisema tutakusubiri umalize, na tumekusubiri. Hatukuingilia mila yako hata kidogo. Sasa tunaomba nyumba."

Mimi ndiye niliyeruka. "Nyumba ya nini? Anaanza kazi Jumatatu! Meneja alisema!"

"Meneja alisema tutamsubiri atoke, ndiyo hii tumemsubiri. Ile nafasi ilijazwa alipokuwa bado edani, na mwenye nafasi ana mke na watoto, anataka kuingia leo." Alinitazama kama mtu anayemweleza mtoto. "Kiwanda hakikai eda, bibi."

Nilifanya fujo ambayo balozi Athumani aliisimulia Temeke kwa miaka. Nilipanda kwenye lori, nikakalia bodi. Nilimtukana Afisa Utumishi kwa Kiswahili, Kimakua na Kiingereza kidogo. Balozi mwenyewe alijitahidi kuwazuia, akasema hapa kuna chama, wakamwonyesha karatasi yenye mhuri, akarudi nyuma. Wapagazi hawakuwa na ubaya, mmoja alibeba kitanda machozi yakimtoka. Vigelegele vilikwisha zamani. Wale wanawake waliokuja kusherehekea wakawa wanabeba masufuria, yale yale ya kiwanda kile, na kuyapanga chini ya ukuta wa jirani.

Bi Zena hakupiga kelele. Alisimama barazani na kanga yake mpya akiwashika watoto, kila mmoja mkono wake. Nilishuka nikamwendea. Nilianza kusema maneno, yale yetu, pole, utavuka, una nguvu, tutaonana wiki ijayo kama kawaida. Akaniwekea kiganja begani kuninyamazisha.

"Dada Tekla," alisema, "mie umenishauri vya kutosha. Nimeshaurika. Hao je, nani anawashauri?"

Nilikimbia kutoka pale mpaka kwa Mkuu wangu nikahema mezani kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho, nakubali. Kisha akasema, "Watoto wako na mama yao?"

"Wako naye."

"Akili zake timamu?"

"Kuliko zangu na zako."

"Eda kamaliza?"

"Leo."

"Sasa unalia nini? Kazi yetu ilikuwa mteja avuke kipindi chake. Kavuka. Mambo ya nyumba ni ya kiwanda." Na katika taarifa yake ya mwaka ule, ambayo alitusomea kikaoni kwa sauti ya kujivuna, alilitaja shauri la mjane wa masufuria kuwa mfano wa ushauri uliofaulu. Watu walipiga makofi. Nilitoka nje.

Miezi michache baadaye nikapelekwa Goba, wakati Goba ni mihogo na mikorosho na njia ya baiskeli tu. Waliuita uhamisho wa kawaida. Nilikwenda, lakini nilikwenda na swali la Bi Zena, na kuanzia hapo nilibadili namna ya kufanya kazi. Mtu akija kwangu analia, nilimsikiliza kama nilivyofundishwa, halafu nilimwuliza jina la anayemliza, na kesho yake nilikwenda kwa huyo. Nilikwenda kwa waajiri, kwa wenye nyumba, kwa mashemeji waliokuwa wanasubiri mjane amalize kulia wachukue kabati. Nilikaa nao, nikawauliza walivyofiwa wao, walivyoogopa wao, wanavyotaka watoto wao wafanyiwe. Wengine walinisikia. Mwenye duka mmoja alimrudisha kazini kijana wake baada ya kunitukana kwa muda mrefu sana. Wengine walinitolea askari mlangoni. Wakuu wangu, wa Goba na wale walionirudisha baadaye mjini, waliniuliza swali moja kwa sauti tofauti: "Hapa mteja ni nani?" Nilijibu kwamba wote wawili ni wateja, mmoja anajijua na mwingine bado. Sikupandishwa cheo hata mara moja tangu hapo.

Bi Zena alipanga chumba Keko, kwenye uchochoro wa mafundi seremala, akajifunza kupiga msasa viti na vitanda mpaka mikono ikawa migumu kama yao. Watoto walikua naye, wote wawili, chini ya paa moja. Kiapo changu kilishika katika hilo tu. Wanaonisifu kwa hilo huwa nawaambia wanyamaze, kwa kuwa mama yule angeweza kuwakuza wanawe bila kutolewa barazani kwake akinukia udi.

Nimestaafu siku nyingi. Watu husema uzee hupoza hasira. Yangu haijapoa, na sioni kwa nini ipoe, wakati lile lori bado linapita mitaani na limebadilishwa rangi tu.

Juzi alinijia kijana mmoja, mshauri nasaha, mtoto wa jirani yangu. "Shikamoo, mama," alisema kwa adabu, nikamwitikia, nikamkaribisha. Akanieleza kwamba kampuni moja inapunguza wafanyakazi, mamia ya watu, na yeye ameajiriwa awaandae kisaikolojia. Alikuwa na mchoro wa ngazi kwenye simu yake. Aliniomba nimpe maneno mazuri ya wakati wetu ya kumtuliza mtu anayepoteza kazi.

"Umezungumza na anayewaachisha?" nilimwuliza.

Akashangaa. "Bosi? Hapana, mama. Yeye si mteja."

"Yeye hana kipindi cha mpito?"

"Mama, yeye ndo anayenilipa."

Nilisimama, magoti yangu haya haya, nikamfungulia mlango. Nilimwambia aende kwa bosi kwanza, akae naye, amwulize analalaje usiku. Akiitwa mjinga avumilie, akitolewa na askari arudi kesho. Na ile marahaba niliyompa alipoingia nimeichukua. Akishafika kwa bosi ndipo aje anisalimie upya, nami nitamwitikia.